Mwanachama wa Kumi na Mbili

Ubaya wa sauti ile ni kwamba ilikuwa nzuri mno.

Mangeni aliiweka simu juu ya meza, akaibonyeza, akarudi nyuma hatua moja kana kwamba ingemuuma. Amondi akainamisha kichwa kusikiliza. Kwanza ulitoka mkohozo, mara tatu, ule wa mtu anayejiandaa kusoma risala. Kisha maneno yakafuata:

"Naongea mara moja tu. Madereva wangu, hapa ni Mangeni. Leo nimeamka na moyo mweupe. Toeni magari kwenye foleni, nendeni nyumbani, mkale kuku, mlale mchana na viatu vyenu. Kesho nayo ni siku."

Amondi alimtazama mzee, akaitazama simu, akamtazama mzee tena. "Una hakika hukuwa wewe?"

"Madam!"

"Nauliza kwa sababu ya kazi."

Mangeni akakohoa mara tatu. "Naongea mara moja tu," alisema. "Mimi sijawahi kumwambia mtu ale kuku."

Hilo Amondi aliliamini. Alikuwa amefanya upelelezi wa polisi miaka kumi na miwili upande wa Kenya, pale Busia, kabla ya kujiajiri mwenyewe, na alijua kumtambua mtu asiyegawa kuku. Alifungua daftari lake la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akaandika saa: tatu na robo asubuhi, Ijumaa, ofisi ya Nyota ya Mpaka, Malaba, upande wa Uganda.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Nyota ya Mpaka ni kampuni ya klaringi, inapitisha mizigo ya watu mpakani. Jana yake, saa nne na dakika ishirini asubuhi, sauti ile iliingia kwenye grupu ya WhatsApp ya madereva. Kufika saa tano kasorobo, malori kumi na manane yaliyokuwa yamesubiri siku mbili yalikuwa yamegeuza pua na kuondoka, chumvi, vigae, mitumba na yote. Foleni ya Malaba haina huruma. Ukitoka, nafasi yako huliwa kabla moshi haujatulia.

"Aliyeniiga namjua," Mangeni alisema. "Ni Agwang, karani wa nyaraka. Amekiri. Lakini anaapa kwamba aliiweka kwenye grupu ya wafanyakazi wenzake tu, ile ambayo mimi simo."

"Kumbe unajua kwamba ipo."

"Tangu jana." Mzee alionekana kuumia kweli. "Inaitwa Chai Bila Bosi."

Amondi alikaza midomo ili asicheke, akaandika jina hilo kwa herufi kubwa.

Pembeni ya kalamu ya Mangeni kulikuwa na barua ya kumfukuza Agwang kazi. Ilikosa sahihi tu. Nafasi ya sahihi ilikuwa imeachwa kubwa ajabu, labda kwa kuwa hasira nayo ilihitaji mahali pa kukaa.

"Saa kumi natia sahihi," Mangeni alisema. "Kama ndiye aliyeituma kwa madereva, aende. Kama ni mwingine, aende huyo mwingine."

"Na kama si hawa wala wale?"

"Basi ulete mtu. Sauti haina miguu."

*

Agwang alikuwa stoo, amekaa juu ya boksi la karatasi, macho yamevimba. Alikuwa msichana wa kijiji cha Mella, umri wa miaka ishirini na sita, na sauti yake halisi ilikuwa nyembamba kiasi kwamba Amondi alimwomba airudie ile ya mzee ili apate kuamini. Agwang akakohoa mara tatu. Nje, mtu aliyekuwa akipita na birika alisimama wima na kuficha sigara.

"Madam, sauti ni yangu, hiyo siwezi kana," alisema. "Lakini mimi nilipeleka kwa grupu yetu tu. Ilikuwa saa nne kamili, watu wamechoka, nikasema wacha wacheke kidogo. Kazi hii mimi nilitafuta miaka tatu, natembea na bahasha mpaka bahasha inachanika. Naweza choma kwa mkono yangu?"

"Grupu ina sheria?"

"Mbili. Ya kwanza, kitu haitoki nje. Ya pili, hakuna mtu anatolewa. Hata ukikosana na watu, unakaa tu. Kutoa mtu kwa grupu ni kama kumfukuza matanga."

"Mko wangapi?"

Agwang alihesabu kwa vidole, akataja majina, akaishiwa vidole, akaazima kimoja cha Amondi. "Kumi na moja. Ofisi yote, kutoa Bosi."

Amondi aliichukua simu ya msichana, akafungua grupu. Juu kabisa, chini ya picha ya kikombe, paliandikwa kwamba wanachama ni kumi na wawili.

"Huyu wa kumi na mbili ni nani?"

"Ah, hiyo ni laini ya pili ya mtu. Hapa mpakani kila mtu ana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Allan yeye ana hata tatu."

Amondi aliandika: *Allan, laini tatu.* Chini yake akaandika: *Anataka nini?* Jibu la swali hilo lilipatikana bila jasho, maana ofisi nzima ilijua kwamba Allan alikuwa ameliomba dawati la Agwang, lile la dirishani, mara mbili kwa maandishi.

*

Allan alikuja amevaa tai, simu mbili mfukoni na moja mkononi. Alikana kabla hajaulizwa, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

"Weka zote mezani," Amondi alisema. "Fungua Chai Bila Bosi kwenye kila moja."

Simu moja tu ndiyo iliyokuwa na grupu hiyo. Zile mbili hazikuwa nayo. Kwa hiyo mtu wa kumi na mbili hakuwa Allan. Amondi alipiga mstari, kisha akashika ile simu moja yenye grupu.

"Uliipeleka sauti kwa mtu mwingine?"

Allan alilegeza tai. "Madam, hiyo ni mambo ya nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Bado haijajengwa." Akaona aibu. "Kuna mtu anaitwa Kate, yuko Busia. Wiki mbili alikuwa amenikasirikia. Nikasema, huyu akisikia Bosi anagawa kuku, lazima atacheka."

"Akacheka?"

"Alicheka mpaka akanisamehe, madam."

Amondi aliangalia saa ya ujumbe huo. Saa tano na nusu. Malori yalikuwa yameshaondoka karibu saa nzima kabla Kate hajacheka. Allan alikuwa na kosa la mapenzi tu, na hilo halikuwa kwenye mkataba wa Amondi. Lakini alitaka kujua jambo moja zaidi.

"Maagizo ya mzee huwafikia vipi madereva siku za kawaida?"

"Siku hizi napeleka mimi kwa mdomo, na pikipiki; kwa grupu yao nasoma tu. Bosi hayuko kwa grupu yao, anasema mkubwa haongei na watu kumi na nane kwa mpigo. Zamani kulikuwa na mtu wa dispachi. Anapata sauti ya Bosi, anamtumia Okiror, Okiror anaweka kwa grupu ya madereva. Ilikuwa inakwenda kama maji."

"Na jana nani aliiweka sauti kwenye grupu yao?"

"Okiror. Tulimuuliza kutoka wapi, anasema 'ofisi' tu, anafunga mdomo."

*

Madereva walikuwa wameegesha malori kwenye uwanja mmoja wa barabara ya Tororo, kilomita sita kutoka mpakani, wakingoja kuambiwa la kufanya. Okiror, mkubwa wao, alikuwa peke yake kwenye kibanda cha chapati. Chapati ilikuwa mbele yake nzima, imepoa. Dereva asiyekula ana jambo. Amondi akavuta kiti.

Simu ya Okiror ilikuwa mezani, imefungwa kwenye leso nyeupe. Juu ya leso kulikuwa na rozari.

"Hiyo simu inaumwa?" Amondi aliuliza.

"Imezimwa, nyabo," akajibu, akimwita bibi kwa Kiganda.

"Tangu lini?"

"Tangu jana saa nne na nusu."

"Uliambia ofisi kwamba sauti ilitoka ofisini. Nani ofisini?"

Okiror alitazama juu, akatazama chini, akamtazama mpika chapati, ambaye alijifanya anahesabu mayai. "Nyabo, mimi nimeendesha lori miaka ishirini na mbili. Nimepita Congo. Sijaogopa kitu."

"Nasikia."

"Nikikuambia utasema Okiror amerudia pombe."

"Nitaandika tu unavyosema."

Alisogea mpaka ukingo wa benchi. "Ilitoka kwa Herbert."

"Herbert ni nani?"

"Mtu ya dispachi." Sauti ilishuka ikawa mnong'ono. "Tulimzika mwezi ya tisa mwaka jana, kule Kiyeyi. Mimi mwenyewe nilishika jeneza upande ya miguu. Sasa miezi nane imepita, niko kwa foleni, nakunywa chai, simu inalia: Herbert. Nafungua, ni Bosi anaongea, anasema twende nyumbani. Nyabo, mtu ya kaburi ikikutuma, wewe utakataa?"

Amondi alisema ukweli kwamba hajui. Alimsogezea chapati. "Kula, mzee wangu. Mimi najua jambo moja tu kuhusu marehemu: hawanunui bando."

*

Alimkuta Agwang palepale stoo. "Fungua ile sauti. Ibonyeze, uishikilie, angalia nani waliisikiliza."

Agwang hakuwa amewahi kutazama. Ya nini, na kicheko chao alikisikia ukutani? Orodha ilijitokeza, majina kumi na moja bila lake mwenyewe. Aliteremka nayo kwa kidole taratibu, na chini kabisa kidole kikagota. *Herbert Dispachi. Saa nne na dakika tisa.*

Msichana alifanya ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa na simu.

"Mlijua kwamba namba yake bado imo?"

"Tulijua," Agwang alisema. "Baadaye tukasahau kama tunajua. Nani angemtoa, madam? Ni kama kumzika mara ya pili."

Allan, aliyekuwa ametumwa na dhamiri yake kusimama mlangoni, alisema pikapu ya ofisi ina mafuta. Saa sita kasorobo wote watatu walikuwa barabarani, Tororo wakaipita, mwamba wake ukiwa kushoto, kisha vumbi, kisha mashamba ya mihogo ya Kiyeyi.

*

Abbo, mjane wa Herbert, alikuwa kwenye mkeka anamenya karanga. Simu ilikuwa imesimamishwa kwenye kikombe kando yake, mahali ambapo mtu angeweza kuiona bila kuacha kazi. Aliwapa viti kwanza, akawapa maji, akawapa karanga, akauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja, na hapo ndipo Amondi aliporuhusiwa kuwa mpelelezi.

"Mama, hiyo ni simu ya marehemu?"

"Ni yake. Mimi naweka moto kwa betri, naweka bando kila Jumatatu." Alimgeukia Agwang, uso ukang'aa. "Wewe ndiye Agwang! Nilikuwa najua sauti, sura sijui. Na huyu ndiye Allan? Kate amekusamehe?"

Allan aliokota karanga iliyokuwa haijaanguka.

"Mama," Amondi alisema, "jana ulisikia sauti ya Bosi."

"Nilisikia! Nikasema, jamani, mwisho Mungu amegusa huyo mzee." Alipiga makofi mara moja, maganda yakaruka. "Herbert alikuwa kila siku anasikia Bosi, anatumia Okiror. Hata akiwa anakula, anaacha chakula. Anasema, Abbo, neno ya Bosi hailali kwangu. Sasa mimi kusikia hiyo nzuri, watu wanapewa kuku, nikasema wacha nitume haraka kabla Bosi hajabadilisha roho."

Jogoo wa jirani aliwika kwa niaba ya wageni.

"Mama," Agwang alianza, sauti nyembamba. "Ile haikuwa Bosi. Ilikuwa mimi, nachezea watu."

Abbo alimtazama. Akashika kifua. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta, na Agwang akacheka naye kwa sababu haikuwezekana kutocheka. Amondi alikuwa na kazi ngumu ya kusubiri kicheko kiishe ili aseme mabaya: malori, foleni, barua, saa kumi.

Kicheko kikakatika. Abbo alikipangusa kikombe ambacho hakikuwa kichafu.

"Kumbe nimeharibia mtoto wa watu," alisema. "Niambie ukweli. Sasa mtanitoa?"

"Kwa grupu?"

"Asubuhi nyinyi mnaamkiana. Mnataniana. Mimi sisemi kitu, si grupu yangu. Lakini nyumba inakuwa na watu." Akaongeza haraka, kama mtu anayejitetea: "Nikikosea, nitoeni. Lakini huyu mtoto asifukuzwe."

Agwang hakujua kama yeye mwenyewe angekuwamo jioni ile.

Amondi alipiga simu moja kabla ya kuondoka, kwa mpika chapati, akaomba kuongea na Okiror. Alimweleza yote. Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu, kisha mlio wa simu inayowashwa, kisha sauti ya mtu anayeomba chapati tatu na mayai.

*

Walifika ofisini saa kumi kasorobo. Mangeni alikuwa na kalamu mkononi na tabu mpya kichwani.

"Getini wamenipigia," alisema. "Wamenipa nafasi. Malori yote yawe kwenye foleni kabla ya saa kumi na nusu, la sivyo ni Jumatatu. Allan, peleka hii kwa madereva." Akakohoa mara tatu kwenye simu ya Allan, akasema anaongea mara moja tu, akawaamuru warudi foleni sasa hivi.

Allan akaiweka kwenye grupu ya madereva. Majibu yalikuja kwa kishindo, nyuso za kucheka zimepangana mistari mitatu. Kevo wa Nairobi aliandika: *Madam Agwang, leo hutubambi. Mara hii tupatie mbuzi.*

"Wanasema nini?" Mangeni aliuliza.

Allan akampigia Okiror, akampa mzee simu.

"Okiror! Mangeni hapa! Rudisheni magari!"

"Agwang, mdogo wangu," ilisema simu kwa upole, "nikidanganywa mara ya kwanza ni wewe mbaya. Mara ya pili ni mimi mjinga." Ikakatwa.

Mangeni alibaki ameishika. Katika maisha yake yote hakuwahi kunyimwa kuwa yeye.

Hapo Amondi alimpa ripoti, akisimama, kwa sababu muda haukuruhusu kiti: sauti, laini ya kumi na mbili, dakika tisa, rozari, bando la Jumatatu, neno la Bosi lisilolala. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Ripoti ilipofika kwenye bando, alikaa chini.

"Miezi minane," alisema. "Herbert aliniacha na dawati, nami nikalifunika kwa kitambaa. Yeye mwanamke wa watu akaendelea na kazi." Akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika mbili, na kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Bosi," Agwang alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea tangu waingie. "Hiyo sauti yako, nipe. Nijaribu njia ya Herbert."

Mangeni alimsukumia simu ya Allan.

Agwang alimtumia Abbo ile amri, akampigia. "Mama, hii ni Bosi wa kweli. Niko naye hapa, nakula kiapo. Tuma kama Herbert alikuwa anatuma."

Dakika moja. Mbili. Kisha simu ya Allan ikalia, grupu ya madereva, ujumbe wa Okiror: *Sauti inaweza kuigwa. Mama Abbo haigwi. Washeni magari.*

Saa kumi na dakika ishirini na tano lori la kwanza lilipita mbele ya dirisha, honi imeshikiliwa, Okiror usukani na rozari kwenye kioo. La kumi na nane lilipoingia foleni, getini walikuwa bado wameacha mwanya wa dakika moja. Mangeni aliyahesabu yote kwa kidole. Kisha aliikunja barua mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi tangu zamani, akaijaribu meza. Haikuyumba tena.

"Agwang, toa kile kitambaa kwenye dawati la Herbert," alisema. "Kuanzia Jumatatu unakaa pale. Madereva wanakutii kuliko mimi, basi sauti yako itumike."

"Na la dirishani?" Allan aliuliza, akajuta palepale.

"Nenda ukakae, kabla sijabadilisha roho."

Allan alikwenda mbio. Simu ya Agwang ikalia. Kwenye Chai Bila Bosi, kwa mara ya kwanza katika miezi minane, Herbert Dispachi alikuwa ametuma sauti, nayo ilikuwa ya mwanamke, yenye woga: "Wanangu, samahani naingilia. Bosi amesemaje? Mtoto amebaki?"

Agwang aliibonyeza alama ya kurekodi, akaisogeza simu mbele ya mdomo wa mzee.

Mangeni aliitazama ile picha ya kikombe. Akakohoa mara tatu.

"Naongea mara moja tu, mama. Amebaki. Na wewe ubaki humo humo."

Agwang aliachia kidole. Ujumbe ukaenda. Amondi alikuwa akifunga daftari lake wakati jibu la kwanza lilipoingia, kutoka dawati la dirishani, chumba cha pili.

*Agwang, leo umechoka,* Allan alikuwa ameandika. *Hiyo haijafanana naye hata kidogo.*